GARANTI YA NYUMBA: TWATAKA KARATASI



Sisi makarani wa mgodi kazi yetu ni karatasi. Gunia la kasiterite halitoki Bisie mpaka limepimwa, limefungwa etiketi, na namba yake imeandikwa kitabuni. Likipungua kilo, karani huulizwa. Lakini mtu yule yule aliyelipakia gunia hilo, jioni hutoa jasho lake la miezi mitatu au sita, akamkabidhi mwenye nyumba mkono kwa mkono, wala hapewi hata kipande cha daftari. Jiwe lina cheti, mtu hana. Twauliza, ni haki gani hii?

Wengi wetu hatukuzaliwa hapa. Tangu kasiterite ilipoonekana Bisie kwenye mwaka 2002, watu wamekuja kutoka Masisi, Goma, Bukavu na Kisangani, na palipokuwa msitu pakajaa vibanda vya mbao na turubai. Mfanyakazi wa kampuni asiyelala kambini, mchimbaji wa mkono, mwalimu, mama mwenye meza ya chumvi na sabuni, wote hutafuta chumba Ndjingala, Mubi au Walikale. Chumba ni kimoja, wakitakao ni kumi. Hapo ndipo mwenye nyumba hunena kwa sauti kubwa: "Leta garanti ya miezi sita. Huna? Yuko mwenzako nyuma yako."

Basi, ndugu, sikilizeni vizuri. Sheria iko, tena ni sheria ya Kongo hii yetu, wala si ya Mbelgiji. Ni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Yasema kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu.  Mpangaji akitoka, hurudishiwa garanti yake. Mwenye nyumba akitaka kumtoa mpangaji wa nyumba ya kukaa, ampe habari miezi mitatu kabla. Mapatano yaandikwe. Wakigombana, waende kwanza ofisi ya Habita wapatanishwe, na wasipopatana waende tribinali ya amani. Kumtoa mtu kwa nguvu si kazi ya mwenye nyumba, wala ya askari aliye rafiki yake.

Hata kabla ya hiyo, sheria ya mapatano ya mwaka 1888, iliyotungwa na wakoloni wenyewe, ilikuwa imemwamuru mwenye nyumba atoe nyumba inayofaa kukaliwa, aitengeneze iharibikapo, na amwache mpangaji akae kwa amani. Ikiwa Mbelgiji, ambaye hakutupenda, aliandika hayo, je, Mkongomani kwa Mkongomani mwenzake afanye pungufu? Leo bati linavuja juu ya kitanda cha mtoto, choo kimejaa, na mwenye nyumba huonekana siku ya kodi tu.

Twaeleza jambo moja tulilolishuhudia. Mwezi Machi 2025 vita vya M23 vilipokaribia, mgodi mkubwa wa Bisie ulisimamisha kazi tarehe 13, na siku chache baadaye mji wa Walikale ukatekwa. Watu wakaingia msituni na watoto mgongoni. Mwezi Aprili M23 wakatoka mjini, kazi ya mgodi ikaanza tena, nasi tukarudi. Mwenzetu mmoja, kijana wa karakana, alikuwa amelipa garanti ya miezi sita na kukaa miwili tu. Alikuta mtu mwingine chumbani mwake, na sufuria zake uani zimejaa maji ya mvua. Alipodai fedha, mwenye nyumba alimjibu, "Garanti yako imeliwa na vita." Akaenda kwa wazee. Wazee wakauliza, "Karatasi iko wapi?" Haikuwapo. Shauri likaisha pale pale, na yule kijana akalala jikoni kwetu majuma matatu.

Wazee wale hatuwalaumu. Wangehukumu kwa nini?

Tusiseme pia kwamba kila mwenye nyumba ni mnyonyaji. Wako wajane ambao vyumba viwili ndivyo shamba lao, na wako wapangaji wanaohama usiku na mlango wa watu mabegani. Sisi pia tuna wajibu: kulipa siku iliyopatanwa, kutunza nyumba, kutokigeuza chumba kuwa ghala la mawe. Karatasi humlinda mjane vilevile. Aikataaye tutajua ana nia gani.

Wengine husema, "Maskini atafanya nini? Atafukuzwa." Na tuangalie pwani. Unguja, mwaka 1928, watu wa Ng'ambo walikuwa na vibanda vyao, lakini viwanja vilikuwa vya wengine, na kodi ya viwanja ilipandishwa ovyo. Wakapatana mtaa kwa mtaa, wakakataa kulipa. Walikuwa watu wa kawaida, na wanawake wengi miongoni mwao. Serikali ya Mwingereza ililazimika kutunga sheria ya kuizuia kodi hiyo. Sisi hatuombi sheria mpya. Tunayo, nayo imelala sandukuni.

Na mwajiri asijifiche nyuma ya mwenye nyumba. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 yasema mtu aliyeajiriwa mbali na kwao, au aliyehamishwa, apewe nyumba nzuri yeye na jamaa yake, au fedha badala yake. Kila mmoja autazame mkataba wake, aone kama fungu hilo limo.

Twajua ofisi ni mbali na nauli ya pikipiki ni ghali. Lakini karatasi yenyewe haihitaji pikipiki. Inatosha majina mawili, chumba, kodi, garanti, tarehe, sahihi au dole gumba, na mashahidi wawili. Ziwe nakala mbili, kila mtu ashike yake. Asiyejua kuandika asione haya. Sisi makarani tutaandika bure, Jumapili baada ya ibada, na mwenye nyumba aje pia, tumsomee kwa sauti kabla hajatia sahihi.