Mtandao Usiwe Ukuta kwa Kijana Mnyonge

Mwaka 2009 mkongo wa mawasiliano wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuatiwa na ule wa EASSy. Serikali nayo ilijenga Mkongo wa Taifa ili faida ya nyaya hizo isiishie pwani. Kabla ya hapo, kwa sheria ya mwaka 2006, ulikuwa umeundwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa ajili ya kufikisha huduma mahali ambapo mfanyabiashara haoni faida ya kwenda. Mzigo wa gharama hizi umebebwa na wananchi wote, akiwamo mkulima asiyewahi kuigusa kompyuta. Ni haki basi kuuliza mtoto wa mkulima huyo amenufaika kwa kiasi gani.

Leo kijana anayetaka mkopo wa elimu ya juu huomba kwa njia ya mtandao. Anayetaka kazi katika utumishi wa umma huwasilisha maombi yake kwa mtandao kupitia Sekretarieti ya Ajira. Cheti cha kuzaliwa, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi, hapana budi kihakikiwe na RITA kabla ya kuombea mkopo. Utaratibu huu una manufaa. Umepunguza safari za kwenda Dar es Salaam na bahasha kwenye droo, na umepunguza pia mwanya wa upendeleo. Hakuna mwenye nia njema anayetaka turudi kwenye foleni za zamani.

Lakini yafaa ieleweke wazi kwamba mlango uliofunguliwa kwa mmoja waweza kuwa ukuta kwa mwingine. Kijana wa kijijini ambaye wazazi wake hawana simu ya kisasa hulipa nauli hadi mjini, akalipa tena katika kibanda cha steshenari ili ajaziwe fomu. Mwenye kibanda, kwa kuwa ana wateja wengi, humfungulia anwani ya barua pepe kwa haraka na neno la siri hubaki kichwani mwake. Fomu ikirudishwa irekebishwe, taarifa huenda kwenye anwani ambayo mwombaji hawezi kuifungua. Siku ya mwisho hupita. Ofisini huandikwa kwamba hakukamilisha maombi, naye nyumbani huambiwa hakuwa na bahati. Ukweli ni kwamba alikosa haki yake kwa sababu ya umaskini.

Wapo wasemao kwamba simu sasa zimeenea kila mahali, hivyo tatizo limekwisha. Hoja hiyo ni nyepesi. Kuwa na simu si sawa na kuwa na fedha za bando, wala si sawa na kujua kuitumia kwa jambo la maana. Katika kaya yenye simu moja, binti ndiye huipata wa mwisho. Kijana asiyeona hukuta picha zisizo na maelezo ambayo simu yake ingeweza kumsomea. Shule zilipofungwa Machi 2020 na masomo yakatolewa kwa redio, televisheni na mtandao, nchi nzima ilishuhudia kwamba aliye na kitu aliendelea na asiyenacho alisubiri.

Taifa hili lilikwisha kukutana na swali la namna hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, redio zilikuwa chache na wasiojua kusoma walikuwa wengi. Hata hivyo haikusubiriwa kila kaya inunue redio yake. Watu walikusanywa katika vikundi, kila kikundi kikawa na kiongozi aliyefunzwa na kijitabu chake. Walisikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Takriban watu milioni 2 walifikiwa. Chombo kilikuwa cha wengi, na pembeni ya chombo alikuwapo mtu wa kuelekeza. Siri ya mafanikio ilikuwa hapo.

Siri hiyo haijapitwa na wakati. Vyumba vya kompyuta vya shule zetu visifungwe kwa kufuli saa tisa alasiri huku vijana waliomaliza hapo mwaka jana wakihangaika mjini. Vifunguliwe hata siku mbili kwa wiki, kwa ratiba na usimamizi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 na kisha kugawiwa kwa walimu vinaweza kumfikisha mwanafunzi kwenye vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo ni 54, vilianzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu walioachwa nyuma. Kazi hii ni yao kwa asili. Mwalimu ana mzigo mkubwa tayari, hivyo halmashauri zisimtupie kazi mpya bila posho, umeme na fundi.

Kwa watumishi wa umma, jibu la "nenda mtandaoni" si huduma. Anayelitoa kwa kijana asiye na njia ya kwenda huko amemfukuza kwa lugha ya kisasa. Kila ofisi ya kata iwe na mtu wa kusaidia kujaza fomu bila malipo, na kumfundisha kijana kufungua anwani yake mwenyewe na kulitunza neno lake la siri. Fomu yenye dosari irudishwe pia kwa simu au kupitia kwa mtendaji wa kijiji.

Nyaya zimekwisha kulazwa. Kazi iliyobaki haihitaji meli wala wataalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji mlango uliofunguliwa, na mtumishi aliyekaa ndani akijua kwamba kijana aliyesimama mbele yake ndiye mwenye mali.