Picha za Kwenye Chai

Mjukuu wangu amenishauri nizipeleke kadi zangu zikathaminiwe. Ati huko Marekani, Agosti 2022, kadi moja ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, iliyochapishwa na Topps mwaka 1952, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Nimemwambia sizipeleki. Alicheka, kwa hiyo naeleza hapa.

Kadi zangu ni za chai. Brooke Bond, waliokuwa na mashamba Kericho tangu miaka ya 1920, walianza mwaka 1954 kutia kadi za picha katika pakiti zao huko Uingereza, na hawakuacha mpaka 1999. Mwaka 1961 walitoa kadi 50 za wanyama wa Afrika, zilizochorwa na Charles Tunnicliffe. Mwalimu wetu wa shule ya kati, Mwingereza, alitumiwa na dada yake, naye akitugawia sisi. Wanyama wa kwetu, picha zatoka Ulaya! Hatukuliona hilo. Tulichokiona ni mgongo wa kadi, kwa maana nyuma ya kila picha palikuwa na maelezo ya Kiingereza, na darasa zima tulikuwa na kamusi moja. Kifaru alibadilishwa kwa twiga wawili, tena kwa sharti kwamba anayemtaka ayasome maelezo ya nyuma bila kukwama. Basi kadi zikachakaa, zikaingia jasho na mafuta ya taa.

Leo yako makampuni, kama PSA iliyoanzishwa Marekani mwaka 1991, yanayoipa kadi alama, 1 hadi 10, kisha kuifungia ndani ya kasha la plastiki. Wanapima nini? Pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Mimi nimesahihisha madaftari zaidi ya miaka thelathini, na sijapata kumpa mtoto kumi kwa sababu daftari lake halijaguswa. Daftari la namna hiyo tulikuwa tukiliita la mtoro.

Watasema thamani ni uchache. Haya, uchache huo ulitoka wapi? Sy Berger wa Topps alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1960 alizipakia kadi za 1952 zilizododa katika tishari, akazimwaga baharini karibu na New York. Basi anayelipa mamilioni hailipii picha, analipia taka zilizozama.

Sisemi karatasi isitunzwe. Edward Wharton-Tigar, Mwingereza, alikusanya kadi maisha yake yote, akaiachia British Museum mkusanyo wake. Huyo namvulia kofia. Ninaowalaumu ni wale wanaonunua leo ili wauze kesho, na kumfundisha mtoto kuuliza bei kabla ya kuuliza jina la mnyama.

Tena sina haki ya kupaza sauti sana. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwanyang'anya wavulana vipicha vya bigijii, wacheza mpira na magari, debe zima, nikavitia moto mbele ya mstarini. Mmoja wao alikuwa ameandika nyuma ya kila kipicha, kwa penseli, majina ya nchi na miji mikuu yake. Nilivigeuza nikayaona maandishi yale, nikavitupa vivyo hivyo, kwa sababu shule nzima ilikuwa ikinitazama. Baadaye, katika chuo cha ualimu, nikawafunza walimu wapya kwamba vitu hivyo hukaguliwa getini. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Ningejibu nini?

Hata hivyo mjukuu hakuchoka. Juzi alileta mtu anayejua mambo hayo, akazipekua kadi zangu kwa ncha za vidole, akasema pembe zimekwisha, hazina bei. Nilimpa chai, tukaagana vizuri.

Ninazo 47, na twiga ninao wa ziada. Mwenye zile tatu nilizozikosa aje tubadilishane, ila atasoma nyuma kwanza.