Kipimo Kitangulie Kazi

Kila mwanzo wa mwaka mwalimu wa sekondari hutayarisha azimio la kazi, na kila siku huandika andalio la somo. Katika andalio hilo malengo mahsusi hupewa nafasi ya mbele. Hata hivyo, mara nyingi malengo hayo husomwa na watu wawili tu: mwalimu aliyeyaandika na mthibiti ubora ajaye kuyakagua. Mwanafunzi, ambaye ndiye atakayepimwa kwayo, hayaoni. Rai yetu ni kwamba wiki ya kwanza ya somo haina kazi bora kuliko kumweleza mwanafunzi atatakiwa afanye nini, na kwa kipimo gani.

Tumchukue mtoto wa vilima vya Umatumbini aingiaye Kidato cha Kwanza huko Kipatimu, wilayani Kilwa. Nyumbani amelelewa kwa Kimatumbi na Kiswahili, na shule ya msingi ameisoma kwa Kiswahili. Ghafla anakuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Siku ya kwanza anaambiwa asome kwa bidii, kisha ubao unajazwa maandishi. Hajui kama zoezi la daftarini lina alama, wala majaribio yatakuwa mangapi, wala jibu zuri linafananaje. Atayajua hayo karatasi yake itakaporudi imejaa wino mwekundu.

Hapa ndipo penye dhuluma isiyokusudiwa. Tangu Januari 1974 ipite, mwezi Novemba wa mwaka huohuo, Azimio la Musoma lilitaka mwanafunzi asihukumiwe kwa mtihani mmoja wa mwisho, bali kazi zake za kila siku nazo zihesabiwe. Basi anayechelewa kukijua kipimo huanza kupoteza tangu mwanzo. Aidha, tangu ada ilipoondolewa katika sekondari za umma, Januari 2016, madarasa yamepokea watoto wengi ambao wazazi wao hawakupata kusoma sekondari. Mtoto wa mwalimu huelezwa nyumbani yale ambayo shule haikuyasema. Mtoto wa mkulima wa ufuta hana wa kumweleza. Kwa hiyo mwalimu anyamazapo huwa amempendelea mmoja na kumwacha mwingine, ingawa hakukusudia.

Wala jambo tunalolidai si geni katika jamii hiyo. Mkulima wa korosho anajua kabla ya msimu kwamba mazao yake yatapangwa kwa madaraja ghalani, na kwamba korosho zisizokauka vema au zilizooza zitamshushia bei. Kwa kujua hivyo huzianika na kuzichambua. Mtoto wa chuoni naye anajua kwamba hatavuka sura aliyonayo mpaka aisome sawasawa mbele ya mwalimu wake. Yeyote kati yao akishindwa, anajua ameshindwa wapi. Sokoni pia, pishi huonyeshwa kabla nafaka haijapimwa.

Mtaalamu wa Marekani, Robert Mager, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu uandishi wa malengo ya kufundishia, alishauri kwamba lengo zuri litaje mambo matatu: tendo litakaloonekana, hali ambamo litatendwa, na kiwango kitakachokubalika. Kusema “mwanafunzi ataielewa barua rasmi” hakumsaidii mtu. Lakini tukisema “mwanafunzi ataandika barua rasmi darasani, kwa dakika 40, bila kutazama daftari, yenye anwani mbili, kichwa cha habari na hoja tatu zilizopangwa”, mwanafunzi atajua ajizoeze nini. Mwalimu naye atasahihisha kwa haki.

Matarajio hayo yawe machache, matano au sita, yaandikwe ubaoni na kunakiliwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Yasemwe kwa Kiswahili, hata kama somo litaendelea kwa Kiingereza, kwa kuwa sharti lisiloeleweka si sharti. Ionyeshwe pia kazi moja nzuri na moja dhaifu, darasa lieleze tofauti zake. Na yafuate hali ya mahali. Mei 2024 mvua za wakati wa Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kwenda Lindi huko Somanga. Mwalimu wa Kilwa hawezi kutunga sharti la mahudhurio kana kwamba masika hayapo. Aseme mapema aliyezuiwa na maji atafidia vipi zoezi lililompita. Mwisho, mwalimu ajifunge naye: ataje siku ambazo atarudisha madaftari yaliyosahihishwa, na saa ambazo anaweza kuulizwa.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba kueleza yote hayo ni kumdekeza mwanafunzi, au ni kama kumfunulia mtihani. Hatukubaliani nao. Tunachotaka kifunuliwe ni kipimo, si maswali. Wengine husema darasa ni kubwa na muhtasari ni mrefu, muda hautoshi. Tunaujua ukubwa wa madarasa hayo. Lakini darasa likiwa kubwa, ndivyo mwalimu asivyoweza kumwendea kila mmoja kumweleza alipokosea. Basi kipindi kimoja cha mwanzo humpunguzia marudio ya mwaka mzima.

Vyuo vyetu navyo havina budi kubadilika. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha apewe alama kwa malengo aliyoyaandika, na pia kwa jambo hili: mkaguzi amwite mwanafunzi yeyote wa darasa lile na kumwuliza, “Katika somo hili unatakiwa uweze kufanya nini?” Mtoto akijibu kwa maneno yake mwenyewe, tuamini kwamba mwalimu huyo ameanza kufundisha.