UPS inalia Mbulu, mwenye nyumba yuko Arusha

Mbulu. Umeme ukikatika saa tisa usiku pale Dongobesh au Haydom, wa kwanza kuamka ni UPS. Inalia pi, pi, pi chini ya meza, nyumba nzima inaisikia na hakuna anayejua inasema nini. Mtu anabonyeza kitufe cha kuinyamazisha, anarudi kulala. Asubuhi betri imekwisha, ruta imezima, kamera ya getini haijarekodi kitu, na mwenye nyumba aliyeko Arusha anaona tu kwenye simu kwamba kwake hakupatikani.

Utauliza: bado tunahangaika na betri wakati bwawa limekamilika?

Ndiyo. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Makali ya mgao ule wa mwishoni mwa 2023 yakapungua. Lakini umeme kuzalishwa Rufiji ni jambo moja, kufika Mbulu ni jambo jingine. Machi 2025, akiwa Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba umeme mwingi hupotea njiani ukisafiri kwenda mikoa ya kaskazini, hasara ya takribani Sh32 bilioni kwa mwaka. Ndiyo maana Serikali ikaona heri kaskazini inunue umeme wa Ethiopia unaopitia Kenya.

Hata bwawa likiwa limejaa, gridi yenyewe inaweza kuanguka, kama ilivyotokea Aprili 1, 2024 nchi ilipoingia gizani. Na gridi ikiwa nzima, bado kuna nguzo, transfoma, mti ulioegemea waya na radi za masika. Mnyororo ni mrefu, na Mbulu iko mwishoni mwake.

Kwa hiyo UPS zimeingia majumbani: kwa mwalimu mwenye kompyuta, kwa mwenye steshenari anayejazia vijana fomu za mkopo wa chuo, kwa wakala wa fedha, kwa mwenye duka la dawa. Jambo jipya ni kwamba nyingi kati yake zina tundu la USB nyuma, na karibu hakuna anayelitumia. Kifaa kinajua kila kitu kuhusu umeme wa nyumba yako, ila kinazungumza peke yake.

Kukisikiliza siyo kazi ngumu. Unaunganisha waya wa USB kwenye kompyuta, au kwenye kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi, kisha unaweka programu ya bure iitwayo Network UPS Tools, au NUT kwa kifupi. Kuanzia hapo, kifaa chochote kilicho kwenye mtandao wa nyumbani kinaweza kuuliza hali ikoje. Majibu ni herufi mbili mbili: OL maana yake umeme upo, OB tunakula betri, LB betri iko ukingoni. Ikifika LB, programu inaizima kompyuta kwa adabu kabla kazi haijapotea. Kwa mwenye steshenari mwenye faili za wateja, hicho kipengele kimoja tu kinalipa usumbufu wote.

Kuna kosa moja ambalo mafundi wanalirudia: UPS inalinda kompyuta, ila ruta imechomekwa ukutani. Umeme ukikatika, kompyuta inajua, inaandaa ujumbe, halafu haina njia ya kuutuma. Ruta iwe ya kwanza kuingia kwenye betri. Inakula umeme kidogo sana, mara nyingi wati 10 au chini. Betri ndogo ya volti 12 yenye saa-ampea 7, ambayo ndiyo iko ndani ya UPS nyingi za bei ya chini, inabeba kama wati-saa 84 ikiwa mpya, na sehemu yake hupotea kwenye kugeuza umeme. Ruta peke yake itakaa saa kadhaa. Weka kompyuta ya mezani na skrini, unazungumzia dakika 10, 15, ukibahatika 20.

Betri hizo za risasi zina adui mkubwa, joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wa betri karibu nusu. Hapo Mbulu ina bahati yake. Baridi inayotufanya tuvae makoti Julai ndiyo hiyo inayozitunza betri kuliko joto la Dar es Salaam. Ila baridi haizuii uzee. Betri iliyokaa miaka mitatu hadi mitano imechoka, na taa ya kijani mbele bado inawaka kama kawaida. Asilimia 100 unayoisoma kwenye simu ni 100 ya kile kilichobaki, siyo ya kile ulichonunua.

Tena, hata UPS inayosomeka vizuri ina upofu wake. Ikiandika OB, inajua tu kwamba umeme haufiki. Haijui kama ni mtaa mzima au ni LUKU imeisha. Mtu aliyeko mbali anaweza kuhangaika kutafuta fundi kumbe alihitaji kununua uniti tu. Dawa ya hilo bado ni ile ya zamani: piga simu kwa jirani.

Suala zito zaidi kwangu ni wapi taarifa hizi zinapita. Inveta nyingi za sola zinazouzwa sasa huja na kidude cha Wi-Fi kinachotuma kila kitu kwenye seva ya mtengenezaji nje ya nchi, halafu wewe unasoma kwenye simu. Ni rahisi, na inapendeza machoni. Lakini Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimika nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, mtu aliyekaa mita mbili kutoka kwenye inveta yake hawezi kuisoma, kwa sababu jibu lazima lizunguke dunia kwanza. Anayesoma kupitia mtandao wake wa ndani anaendelea kuona, bando au bila bando. Kwa aliyeko Arusha, kifaa chenye laini ya simu kinachotuma SMS kinafaa kuliko programu yenye michoro mizuri. Nacho kina mwisho wake: umeme ukikosekana muda mrefu, mnara nao unaishiwa.

Usiende upande wa pili pia, ukaifungua UPS kwa dunia nzima ili uione popote. Machi 2022 mamlaka za usalama wa mtandao na nishati za Marekani zilionya kwamba wahalifu walikuwa wakiingia kwenye UPS zilizounganishwa na intaneti, mara nyingi kwa kutumia jina na nenosiri la kiwandani ambalo mwenye nalo hakulibadilisha. Ushauri wao ulikuwa mfupi: iondoe kwenye intaneti. Hapa kwetu, nenosiri la ruta mara nyingi ni lile lililobandikwa chini yake.

Hospitali kubwa kama ya Haydom, iliyoanza 1955, ina mafundi wake. Ninaowafikiria ni zahanati ndogo yenye jokofu la chanjo, ambalo linatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na mlinzi mmoja usiku. Ujumbe mmoja kwa simu ya muuguzi saa tisa usiku unamwachia muda wa kuzihamisha chanjo. Akigundua asubuhi, anaanza kujaza fomu za chanjo zilizoharibika.

Kabla ya kununua kifaa chochote, jaribu hili Jumamosi mchana. Hifadhi kazi zako, chomoa plagi ya UPS ukutani, anza kuhesabu. Ikizima ndani ya dakika mbili au tatu, tatizo lako siyo mtandao. Ni betri, na hiyo hubadilishwa peke yake bila kununua UPS mpya.