Sindano ya Mgongo na Hofu ya Mama Mzazi

Mama mjamzito aogopaye sindano ya mgongo hastahili kuitwa mjinga. Hofu yake ni swali la sayansi lililokosa jibu kwa wakati ufaao. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, kama ilivyo kwingineko nchini, husikika kwamba sindano hiyo hupoozesha miguu na kuacha maumivu ya mgongo yasiyokwisha. Maneno hayo humfikia mama mapema. Maelezo ya mganga aghalabu huja uchungu ukiwa umekwisha kupamba moto, na karatasi ya idhini ya upasuaji ikingoja sahihi.

Yafaa ieleweke kwamba sindano hizo ni za namna mbili. Ya kwanza ni ganzi itumikayo katika upasuaji wa kumtoa mtoto: dawa hutiwa mara moja ndani ya maji yazungukayo neva za mgongo, na baada ya dakika chache sehemu ya chini ya mwili hufa ganzi, mama akiwa macho. Ya pili ni epidurali: mrija mwembamba huachwa nje ya utando unaoyahifadhi maji hayo, na dawa hupitishwa kidogo kidogo ili kupunguza uchungu wa kuzaa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza epidurali kwa mjamzito mwenye afya aombaye kupunguziwa maumivu. Lakini njia hiyo hudai mtaalamu wa usingizi wa kumwangalia mama kwa saa nyingi, na wataalamu hao ni haba wilayani. Kwa hiyo mama wa Mugumu au Sirari, akichomwa sindano mgongoni, yaelekea itakuwa ile ya upasuaji.

Je, sindano hiyo hupooza mwili? Ugwe wa neva ushukao kutoka ubongoni hukoma, kwa mtu mzima, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huchomwa chini ya hapo, penye nyuzi za neva zinazoelea majini. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2009 ulihusu sindano za jamii hii zaidi ya 700,000. Madhara ya kudumu yalikadiriwa kuwapata watu 2 hadi 4 katika kila 100,000. Kuhusu maumivu ya mgongo, utafiti mwingine wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 2002, ulifuatilia wanawake 369 waliogawanywa kwa kura. Waliopata epidurali hawakuonekana kuumwa mgongo kwa muda mrefu kuliko wenzao. Mimba yenyewe huuchosha mgongo, na wengi huumwa pasipo sindano yoyote.

Hata hivyo, madhara yaliyopo yasifichwe. Shinikizo la damu huweza kushuka ghafula, ndiyo maana mama hutiwa dripu na kupimwa mara kwa mara. Baadhi hupatwa na kichwa kizito, kiumacho zaidi mtu akiketi na kutulia akilala. Daktari August Bier wa Ujerumani, aliyeianzisha ganzi hii mwaka 1898, alijifanyia jaribio yeye mwenyewe akaumwa kichwa siku kadhaa. Sindano nyembamba za siku hizi zimeyapunguza sana maumivu hayo.

Wapo wasemao kwamba kutaja madhara ni kumwongezea mama hofu. Hoja hiyo ni dhaifu. Anayeahidiwa kwamba hakuna lolote, kisha akaumwa kichwa, hatasadiki tena neno la hospitali. Wala jirani zake hawatasadiki. Mwaka 1994 wataalamu Thaddeus na Maine walieleza kwamba vifo vingi vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu, na wa kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta msaada. Hofu isiyojibiwa huurefusha ucheleweshaji huo, na mtoto aliyekwama hangoji mabishano ya ukoo.

Basi maelezo yaanze kliniki, mimba ikiwa bado changa, mume na mama mkwe wakiwapo, na kwa lugha waielewayo, iwe Kikuria, Kingoreme au Kiswahili. Shule za sekondari nazo zina sehemu yao. Mwalimu wa biolojia aweza kununua uti wa mgongo wa mbuzi buchani, akawaonyesha wanafunzi pingili, utando na ugwe wenyewe, akiwakumbusha kwamba kwa mbuzi ugwe hufika chini zaidi kuliko kwa binadamu. Mwanafunzi aliyeuona kwa macho yake ataweza kumweleza mama yake au dada yake jioni hiyo hiyo. Elimu ya namna hiyo haihitaji maabara ya fahari, na huenda siku moja ikaokoa saa moja ya kusitasita mlangoni mwa chumba cha upasuaji.