Ruta huria: Mnunuzi apewa ufunguo wa kisanduku chake

KWA miaka mingi, mnunuzi wa ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani, amekuwa mithili ya mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Fedha ametoa yeye, ilhali aliyekiunda kifaa ndiye anayeamua kiendeshwe na programu ipi. Kampuni ikichoka kuirekebisha programu hiyo, mianya inayotumiwa na wadukuzi hubaki wazi.

Ni hali hii iliyowafanya mafundi wa mradi wa OpenWrt, wakishirikiana na shirika la Software Freedom Conservancy la Marekani, kuanza kuuza ruta waliyoisanifu wenyewe, OpenWrt One, mnamo Novemba 2024.

Chanzo ni cha kale kidogo. Mwaka wa 2003 ilibainika kwamba ruta ya Linksys WRT54G iliendeshwa na Linux, ambayo leseni yake humlazimu anayeisambaza kutoa pia msimbo wake. Msimbo ulipotolewa, OpenWrt ikazaliwa mwaka uliofuata. Lakini mnamo 2005, toleo la tano la ruta hiyo lilikuja na kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 8 badala ya 16, na ya kuhifadhia megabaiti 2 badala ya 4. Linux nayo ikaondolewa. Jina lilikuwa lile lile. Kilichokuwa ndani ni kingine kabisa. Mgala muue na haki umpe: kampuni hiyo iliwatolea wapenzi wa Linux toleo lao, WRT54GL. Hata hivyo, ilikuwa bayana kuwa uhuru wa programu hauna mashiko iwapo anayesanifu kifaa ana nia nyingine.

Ndiposa wasanifu wa OpenWrt One wakaanza na kile kinachowatisha wengi: hofu ya kukiua kifaa kwa kukiwekea programu mbovu. Kumbukumbu yake ya kuhifadhia imegawanywa katika chipu mbili. Ile kubwa, ya megabaiti 256, hubeba programu ya kila siku. Ndogo, ya megabaiti 16, huhifadhi programu ya uokoaji na hulindwa isifutwe kwa bahati mbaya. Mambo yakienda mrama, mmiliki husogeza swichi, ruta ikawaka kwa kutumia chipu ndogo. Aidha, anayetaka kuchungulia inavyowaka huchomeka waya wa USB-C tu, minghairi ya kufungua kasha na kulehemu nyaya kama ilivyo katika ruta nyingi.

Bei ilipozinduliwa ilikuwa dola 89 pamoja na kasha, na dola 10 za kila kifaa huenda katika hazina ya mradi. Si haba, ingawa tundu za waya wa mtandao ni mbili pekee.

Uhuru wenyewe pia una mpaka. Mchoro wa saketi umewekwa hadharani, lakini chipu ni za MediaTek, na programu inayokaa ndani ya sehemu ya Wi-Fi bado imefungwa. Huko, hata mafundi wa OpenWrt hawajapewa ufunguo.