Mkubwa Naye Ashuke Garini

Safari za kutembelea matawi hazingoji njia zikauke. Kila masika tunakwama matopeni, na kila masika tunarudia makosa yale yale. Leo twataka kuyasema waziwazi, maana makosa hayo yanaumiza watu.

Barabara ya kusini inajulikana. Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, lakini kwa miaka mingi baadaye kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita zipatazo 60, kiliendelea kulaza magari matopeni. Na mwezi wa Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata hata lami. Ukiiacha barabara kuu ukaingia njia za vijijini, ndipo utajua tope ni nini.

Huko ndiko tulikokwama sisi, watu saba na mizigo, katika gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Dereva aliambiwa akanyage mafuta, akakanyaga. Gari likazidi kudidimia mpaka tumbo likalala chini. Mkubwa wa msafara alibaki kitini, kioo kimefungwa, akaamuru honi ipigwe vijana wa kijiji waje. Wakaja. Likapatikana lori, kamba yenye ndoana ikatiwa kwenye bampa letu. Bampa likang'oka, ndoana ikaruka ikamvunja mkono kijana mmoja aliyesimama kando. Mwishowe gari lilitoka, nasi tukaondoka mbio kuwahi mkutano. Kijana tulimwacha chini ya mwembe. Hakuna kati yetu aliyefungua kinywa. Aibu ile ni yetu sote tuliokuwamo.

Kukwama si aibu. Aibu ni kukanyaga mafuta na kumkanyaga mtu. Gurudumu linalozunguka pale pale halivuti, linachimba. Wala nguvu ya magurudumu manne si hirizi: difu isipofungwa, nguvu hukimbilia gurudumu linaloteleza, na lile lililoshika ardhi ngumu hukaa bure.

Basi, gari likikwama, dereva na aache mafuta mara moja. Watu washuke, mizigo ishushwe. Tope lichimbwe mbele ya magurudumu na chini ya ekseli, maana tumbo likikaa juu ya udongo magurudumu hayana kazi. Upepo wa tairi upunguzwe mpaka paundi 20 hivi, ili tairi itambae kwa upana. Ukifika penye njia ngumu, ujaze tena. Jeki iwekwe juu ya ubao, gurudumu liinuliwe, matawi ya miti na mawe yapangwe chini yake, wala mtu asiingie chini ya gari. Kisha gia nzito, mguu mwepesi. Mara nyingi njia ya kutokea ni ile ile uliyoingilia, kwa kurudi nyuma.

Kamba iwe ya mwisho. Ifungwe kwenye chasisi, si kwenye bampa. Juu yake litupwe gunia lenye mchanga, likatikapo lisirushe kamba mbali. Na watu wote wasimame mbali kupita urefu wa kamba yenyewe.

Sasa tuje kwa mkubwa. Watu saba wazima ni karibu nusu tani. Kwa nini nusu tani hiyo isukumwe na watu wasioalikwa hata kwenye mkutano? Wako watakaosema kwamba kiongozi akichafuka hataweza kuhutubia. Sisi tunajibu: wananchi waliomwona ameshika jembe watamsikiliza zaidi kuliko waliomwona nyuma ya kioo. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Tena wanakijiji si ng'ombe wa kukokota. Hawaitwi kwa honi. Waendewe kwa miguu, waamkiwe, waombwe, washukuriwe. Neno "harambee" lilikuwa wito wa wachukuzi na wavuta mizigo kabla Kenya haijalifanya wito wa taifa mwaka 1963. Maana yake ni tuvute pamoja. Halijapata kuwa na maana ya "vuteni ninyi, mimi nimekaa".

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, gari lolote la safari ya matawi lisitoke masika bila jembe, koleo, panga, ubao, pampu na kamba nzima. Pili, gari likikwama, amri iwe ya dereva peke yake, na mtu wa kwanza kushuka awe ndiye mkubwa wa msafara. Tatu, mtu akiumia katika kutusaidia, gari hilo hilo limpeleke hospitali kwanza. Mkutano ungoje. Watu waliokwisha kuzoea kungoja mvua, mbegu na barabara hawatashindwa kungoja saa tatu kwa ajili ya mwenzao.

Na yule kijana wa chini ya mwembe tusimsahau. Mkono wake ndio jembe lake. Sisi tuliokuwamo garini tumeanza kuchanga fedha za matibabu yake, na tutazipeleka wenyewe mpaka kijijini kwake, kwa miguu ikibidi. Mkubwa wetu hajachanga bado. Twamngoja.